Nimehamia asinkroni, seva imekuwa nzito kuliko mwanzo. Nakosea wapi?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja na kilio, na nitajitahidi kukieleza kwa mpangilio ili msinirudishe nyuma kwa maswali kumi.

Nina programu ya Python inayopokea maombi kwa HTTP. Ombi likiingia, inaziuliza huduma mbili za mbali, inaandika safu mbili tatu kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kisha inamjibu mteja. Mwanzo niliijenga kwa nyuzi 64, yaani njia 64 za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja: kila uzi unachukua ombi, unalishughulikia mpaka mwisho, unachukua jingine. Si ya kujivunia, lakini ilikuwa inakwenda.

Mwezi uliopita nikasoma sana habari za asinkroni (programu kuendelea na kazi nyingine badala ya kukaa ikisubiri jibu), nikaaminishwa kwamba kusubiri ni uzembe, nikajifungia wiki mbili nikaiandika upya yote kwa asyncio, maktaba ya asinkroni ya Python. Kila funksheni nikaiwekea `async def`. Humo humo nikaongeza kitu nilichokitamani siku nyingi: wasikilizaji wanaobaki wameunganishwa siku nzima na kuletewa taarifa mpya zikitokea, badala ya kuja kuuliza kila baada ya sekunde kumi.

Nikaijaribu kwa maombi 30 kwa mpigo. Ombi lililokuwa likijibiwa ndani ya nusu sekunde sasa linakwenda sekunde kumi, la mwisho kabisa sekunde kumi na tano. Na prosesa imekaa asilimia tatu! Mashine haina kazi, watu wanangoja. Nimekosea wapi?

#2

Unaziuliza hizo huduma za mbali kwa maktaba gani?

#3 – Mleta uzi

`requests`. Ile ile niliyokuwa nayo mwanzo.

#4

Basi moderata afunge uzi, jibu limepatikana. Natania mkuu, ngoja nikueleze.

`requests` ni ya sinkroni, yaani inasimama kusubiri jibu, kuanzia utosini hadi unyayoni. Mwisho wa safari yake inaita `recv` kwenye soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao), na `recv` ya kawaida ina tabia moja: data isipokuwepo, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaulaza uzi ulioita mpaka pakiti ifike. Ulipokuwa na nyuzi 64, mmoja ukilala, nyingine 63 zinaendelea. Sasa hivi una uzi mmoja tu, ule unaoendesha kitanzi cha matukio kinachogawa zamu kwa kazi zote, na huo ndio uliolazwa. Ukilala wenyewe, wote wamelala.

Kuandika `async def` juu ya funksheni hakugeuzi kilichomo ndani yake. Kitanzi kinapata upenyo wa kumhudumia mwingine pale tu penye `await` (neno la kusubiri huku ukiachia zamu) inayosubiri kitu kweli, na ndani ya `requests` hakuna `await` hata moja. Kwa hiyo ulichofanya ni kuvunja madirisha 64 na kubakiza moja. Piga hesabu: ombi moja nusu sekunde, wamekuja 30, wa mwisho anangoja sekunde 15. Namba yako hiyo hapo.

Washa hali ya ukaguzi kwa `PYTHONASYNCIODEBUG=1`. Itaandika kwenye logi kila kipande kilichokishikilia kitanzi zaidi ya milisekunde 100, na utashangaa utakavyovikuta. Kisha hamia `aiohttp`, au `httpx` kwa kutumia `AsyncClient` yake. Penye maktaba isiyobadilika hata kwa dawa, `asyncio.to_thread` (ipo tangu Python 3.9) itaisukumia kazi kwenye uzi wa pembeni. Na kama kuna `time.sleep` popote humo, ifukuze.

#5

Nyuzi ndani ya uzi. Napita tu, nitarudi kusoma vizuri usiku.

#6

Kabla hatujazama kwenye kurekebisha kode, kuna jambo naona mleta uzi hakuambiwa huko alikosoma. Asinkroni haiharakishi chochote. Pakiti inayotumia milisekunde 100 kwenda na kurudi itatumia milisekunde 100 uandike utakavyoandika. Kinachobadilika ni nani anayesubiri, na amekalia nini wakati anasubiri.

Watu hupenda kusema sinkroni "inapoteza prosesa". Si kweli. Ni kweli kwamba prosesa ya 3 GHz inapiga mizunguko milioni 300 katika milisekunde 100 hizo, lakini uzi uliolazwa hauili mizunguko hiyo; kerneli inawapa wengine. Gharama ya uzi uliolala ni staki yake (memori yake ya kazi), kumbukumbu ndogo ndogo ndani ya kerneli, na kazi ya kubadilishana zamu. Linux kwa kawaida huutengea kila uzi staki ya MB 8, jambo linalowatisha wengi, ila hizo ni anwani tu. Memori halisi huchukuliwa ukurasa kwa ukurasa, wa KB 4, pale unapoguswa. Nyuzi 64 si kitu. Nyuzi 500 si kitu. Ukianza kutaja makumi ya maelfu ndipo tunaketi kuzungumza.

Na ndiko mambo haya yalikotoka. Soketi tunazozitumia zilikuja na 4.2BSD mwaka 1983, na `select` ikaja humo humo. Kwa `select`, kila unapouliza unaikabidhi kerneli orodha yote ya soketi zako, inaipitia yote, inakurudishia, nawe unaipitia yote tena kutafuta ipi yenye data. Kwa glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, orodha yenyewe inagota kwenye 1024. Soketi hamsini, sawa. Soketi elfu kumi ambazo tisa elfu na ushee zimenyamaza, unateketeza prosesa kwa kuhesabu walionyamaza. Mwaka 1999 Dan Kegel akalipa tatizo hilo jina la C10K: seva moja iwahudumie vipi wateja 10,000 kwa wakati mmoja. FreeBSD ikaleta kqueue mwaka 2000, Linux ikaleta epoll mwaka 2002. Hapo unaisajili soketi mara moja, kisha unaletewa zile tu zenye habari. Igor Sysoev alianza kuandika seva ya wavuti ya nginx mwaka huo huo, akaitoa hadharani 2004. Node.js ya Ryan Dahl, ya kuendesha JavaScript kwenye seva, ikafuata 2009.

Angalia vizuri tatizo lililozaa vyote hivyo: miunganisho mingi mno ambayo muda mwingi haifanyi kitu. Mleta uzi, wewe unayo mingapi?

#7

Samahani kidogo, #6 umeeleza vizuri lakini umechanganya mafaili. epoll si asinkroni. epoll inakuambia soketi iko *tayari*. Kuisoma bado ni kazi yako, na unaisoma kwa `recv` ya sinkroni, isipokuwa umeiweka katika hali ya kutolala, ambapo data ikikosekana inakurudishia `EAGAIN` na kukuacha uende zako. Asinkroni hasa ni pale unapoiambia kerneli "nisomee, uweke kwenye bafa hii, ukimaliza niite" (bafa ni sehemu ya memori ya kuwekea data kwa muda). Windows NT wanayo hiyo tangu toleo la 3.5 la mwaka 1994, inaitwa IOCP. Linux tumeipata ya kueleweka mwaka 2019, io_uring ya Jens Axboe, kwenye kerneli 5.1.

Mvuvi aliyefunga kengele kwenye mishipi yake kumi, ikilia anakwenda kuvuta mwenyewe: huyo ni epoll. Mwenye kijana wa kuvuta na kumletea samaki kikapuni: huyo ni io_uring.

#8

Mvuvi tumemwelewa. Ila mimi ninayeandika Python tofauti hiyo inanihusu nini? Yote si nitaandika `await` tu?

#9

Inakuhusu mara mbili.

Kwanza bafa. Kwa njia ya "iko tayari" unaleta bafa pale unapokwenda kusoma. Wasikilizaji elfu kumi walionyamaza hawahitaji bafa hata moja. Kwa njia ya "imekamilika" bafa inakabidhiwa mapema na hupaswi kuigusa mpaka kazi iishe, kwa hiyo elfu kumi walionyamaza wanaweza kukalia bafa elfu kumi. io_uring wamelazimika kuongeza utaratibu wa kerneli kujichotea bafa kutoka kwenye kundi la pamoja kwa sababu hiyo hiyo.

Pili, na hii ndiyo inayouma zaidi: faili za diski. Kwa epoll faili ya kawaida haisajiliki, inakurudishia kosa la `EPERM`. Kuiweka katika hali ya kutolala hakusaidii, kwani kwa kerneli faili ya diski iko tayari siku zote, hata kama diski yenyewe inasuasua. Kwa hiyo maktaba nyingi unazoziita asinkroni, zikifika kwenye faili, kimya kimya zinarudi kwenye nyuzi. libuv iliyo chini ya Node.js ina kundi la nyuzi 4 kwa ajili hiyo. Nne! Na kutafuta anwani ya jina kwa `getaddrinfo` kunapita kwenye nyuzi hizo hizo. Seva ya majina ikizubaa, maswali ya majina yanakalia hadi nusu ya nyuzi hizo na usomaji wa faili unabanwa kwenye zilizobaki, na wewe unatazama diski na kuiona haina kosa. asyncio nayo inaipeleka `getaddrinfo` kwenye nyuzi za pembeni. Kwa hiyo anayekuambia "programu yangu haina nyuzi" muulize anatafutaje majina.

#10 – Mleta uzi

Wakuu nimerudi, na nina habari mbili.

Njema: nimehamia `aiohttp`, maombi 30 kwa mpigo yanajibiwa yote ndani ya nusu sekunde na kitu. Nikacheka peke yangu, nikaipeleka kwenye mazingira halisi.

Mbaya: jana jioni huduma moja ya mbali ilianza kusuasua, majibu yake yakawa ya sekunde nne. Dakika chache baadaye PostgreSQL ikaanza kukataa kwamba wateja wamezidi. Siku za nyuzi, huduma hiyo hiyo ilikuwa inasuasua na sikuwahi kuona kosa hilo. Halafu usiku memori ikapanda taratibu mpaka kerneli ikaiua programu. Kilele changu ni maombi 40 kwa sekunde, wasikilizaji kama 3,000.

#11

Namba zako zinajieleza. Kuna kanuni ndogo aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Siku ya kawaida 40 × 0.5 = 20. Jana 40 × 4 = 160. Nina hakika kila ombi linafungua muunganisho wa hifadhidata mwanzoni na kuufunga mwishoni, sivyo? PostgreSQL kwa kawaida inakubali miunganisho 100, na kila mmoja ni prosesi nzima kwa upande wake. 160 haiingii kwenye 100.

Zamani ilikuwaje? Una nyuzi 64, kwa hiyo hata dunia ipinduke hawazidi 64 ndani. Wengine walikuwa wanasubiri nje, mlangoni. Zile nyuzi hazikuwa wafanyakazi tu, zilikuwa breki. Umezing'oa bila kujua kwamba ulikuwa unazitegemea.

Rudisha breki kwa mkono: kundi la miunganisho 20 hivi ya hifadhidata, na semafori (kihesabu kinachoruhusu wachache tu kwa wakati mmoja) kwa kila huduma ya mbali. Muunganisho uuchukue pale unapoandika tu, usiushike wakati unasubiri mtandao. Na weka muda wa ukomo kila mahali, tena mfupi. Linux ikijaribu kuunganisha na mashine isiyojibu kabisa, kwa mpangilio wake wa kawaida hurudia mara kadhaa na kukata tamaa baada ya dakika mbili na ushee. Kwa kasi yako hizo ni kazi elfu tano zimerundikana kabla ya ile ya kwanza kufa.

#12

Memori ni hao wasikilizaji. Unawaandikia kwa `writer.write` bila `await writer.drain()`, ndiyo au hapana?

#13 – Mleta uzi

Ndiyo… nilidhani `drain` ni ya hiari.

#14

Ni ya hiari kwa Python, si kwa memori yako.

TCP, itifaki inayobeba data hizi mtandaoni, ina adabu yake. Mpokeaji asiposoma, dirisha lake (nafasi ya kupokea) linafunga, bafa ya kerneli upande wako inajaa, na `send` ya sinkroni inakulaza mpaka ipatikane nafasi. Mwandishi analazimishwa kwenda mwendo wa msomaji bila wewe kuandika mstari wowote. Kwa asyncio, `write` haikulazi kamwe. Bafa ya kerneli ikijaa inakuwekea data kwenye bafa ya programu yenyewe, na hiyo haina kikomo. Msikilizaji mmoja mwenye mtandao wa kusuasua anakuachia mzigo wake wote wewe. Zidisha kwa mia mbili.

`drain` inasubiri pale bafa inapovuka kiwango, ambacho kwa kawaida ni KB 64. Lakini usiiweke ndani ya kitanzi kimoja kinachowapitia wote 3,000, maana mzembe mmoja atawachelewesha wote. Kila msikilizaji apewe foleni yake yenye ukomo na kazi yake ya kuandika. Foleni ikijaa, amua: unatupa taarifa za zamani au unamkatia. Kwa taarifa zinazopitwa na wakati mimi namkatia. Ataunganisha tena.

#15

Naongezea moja ambayo imenitoa jasho mwaka jana. Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa kitanzi kina uzi mmoja, hakuna haja ya makufuli ya kuzuia kazi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja. Mimi niliamini. Nilikuwa nasoma salio, nina-`await` huduma ya kuthibitisha, kisha naandika salio jipya. Kati ya kusoma na kuandika pale penye `await`, ombi jingine la mteja yule yule likaingia, likasoma salio lile lile la zamani. Yote mawili yakafaulu. Tulikesha siku tatu tukitafuta, na lawama zikaenda kwanza kwa hifadhidata ambayo haikuwa na hatia.

Tofauti na nyuzi ni kwamba huku unaona kwa macho mahali unapoweza kuingiliwa, ni penye `await` tu. Ila lazima uangalie. Mtu akija miezi sita baadaye akachomeka `await` katikati ya mistari miwili iliyokuwa salama, hakuna kitakachopiga kelele.

#16

Mnateseka bure. Andikeni Go. Unaandika kode ya kusubiri, mstari baada ya mstari, na chini kwa chini inakwenda kwenye epoll yenyewe. Gorutini, uzi mwepesi wa Go, inaanza na staki ya KB 2. Java nao wameona mwanga, toleo la 21 la Septemba 2023 lina nyuzi pepe, mambo ni yale yale.

#17

Kweli kabisa #16, na ingekuwa anaanza leo ningemshauri hivyo hivyo. Ila gorutini haina breki pia. Ukifungua moja kwa kila ombi bila semafori, ile 160 dhidi ya 100 unaikuta huko huko, imeandikwa vizuri zaidi tu.

Mimi nina swali la kuudhi. Siku ya kawaida waliomo ndani ni 20. Nyuzi zilikuwa 64. Kulikuwa na tatizo gani hasa?

#18

Swali la #17 lina jibu moja linalosahaulika: wateja wenye nia mbaya. Mwaka 2009 ilitoka zana inaitwa Slowloris, inafungua miunganisho mingi na kutuma vichwa vya ombi kidogo kidogo bila kumaliza. Seva yenye uzi kwa kila muunganisho inabanwa na mashine moja tu, kwa sababu kila uzi umelala unasubiri mstari ambao hauji. Nyuzi 64 anazimaliza kwa sekunde.

#19

Ndiyo maana mbele yake unaweka nginx, inalipokea ombi lote kwanza ndipo inalipitisha nyuma. Asinkroni inakaa mlangoni ambako watu ni wengi na wavivu. Ndani wabaki wachache wanaofanya kazi.

#20 – Mleta uzi

Wakuu, wiki imepita, naleta mrejesho.

Swali la #17 lilininyima usingizi, nikakaa kupima siku tano mfululizo ni maombi mangapi yako ndani kwa wakati mmoja. Ukitoa ile jioni ya sekunde nne, hayakuwahi kufika 40. Kwa hiyo sehemu ya maombi nimeirudisha kwenye nyuzi 64, kode ile ile ya zamani niliyokuwa naionea aibu, nyuma ya nginx, nikaongeza muda wa ukomo wa sekunde 2 kwa kila huduma ya mbali. Kode imepungua karibu nusu.

Wasikilizaji wamebaki kwenye asyncio, programu yao peke yake, kila mmoja na foleni ya taarifa 50. Siku ya kwanza ilikata watu 11. Memori imenyooka kama rula tangu Jumatatu.

#15, nimepitia kila `await` iliyobaki. Nimekuta moja ya aina yako. Bado haijamuumiza mtu, nimeifunga kabla ya kuandika hapa.

Na #9, ile ya `getaddrinfo` nilidhani unatutisha. Leo asubuhi seva ya majina imezubaa kwa dakika mbili na nimeiona kwenye logi, kazi zote zimepanga foleni nyuma yake. Kuna mwenye maktaba nzuri ya kutafuta majina bila kupitia kwenye nyuzi, au wote mnaweka kashe tu na kuomba Mungu?